Kanzu Kwenye Kamba: Ushauri kwa Wanaoanza Kuhakiki Tamthilia za Baada ya Vita

Kwa miaka 14 nimekuwa nikiandika tahakiki za michezo ya kuigiza inayoonyeshwa hapa Lamu na, mara chache, Malindi, na katika muda huo hakuna mchezo ulionishinda mara nyingi kama ule unaohusu familia inayojaribu kuishi baada ya vita kupita. Vijana kadhaa wanaoingia katika kazi hii wameniuliza namna ya kuuandikia mchezo wa aina hiyo. Nimeona ni bora niwajibu kwa maandishi, nikieleza makosa niliyoyafanya mwenyewe na niliyojifunza kutokana nayo, kwa sababu makosa hayo ni mepesi kurudiwa, na wanaoumizwa nayo huwa ni watu waliokwisha kuumia.

Mchezo ulionifundisha kuliko yote niliutazama usiku, baada ya sala ya isha, katika ua wa Ngome ya Lamu, jengo lililokamilika mwaka 1821 na lililotumiwa kama gereza tangu enzi ya Waingereza hadi mwaka 1984. Kikundi cha vijana wa hapa kisiwani kilikuwa kimetunga kisa cha familia moja ya Kibajuni iliyokimbia kijiji chake cha bara, kaskazini ya kisiwa, wakati wa vita vya Shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, baina ya serikali ya Kenya na waasi wa kaskazini mashariki waliotaka kujiunga na Somalia, ikaja kupanga chumba kimoja mtaa wa Langoni. Familia yenyewe ni ya kubuni, lakini uhamaji ule ulitokea kweli: Wabajuni wengi waliokuwa na mashamba na visima vyao katika pwani ya bara, kuelekea mpaka wa Somalia, waliviacha vijiji katika miaka hiyo wakahamia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi tena. Mchezo unaanza mwaka 1968. Makubaliano ya Arusha baina ya Kenya na Somalia yamekwisha kufanywa, Oktoba ya mwaka uliotangulia, na risasi hazisikiki tena. Lakini baba wa familia hajarudi, wala maiti yake haijaonekana. Waliobaki ni mkewe, mamake mzazi, mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 15, na ndugu yake mdogo ambaye kijana humwita ami.

Nilitoka pale nikilia. Nikaandika usiku uleule, na kulipokucha nilikuwa na tahakiki ya maneno 700, ambayo nusu yake ya kwanza ilisimulia vita vya Shifta na nusu ya pili ikausifu mchezo kwa kuwa umegusa moyo. Kabla sijaipeleka kwa mhariri nilimsomea bibi mmoja, jirani yetu, aliyekuwa ameketi safu moja nami usiku ule, na ambaye yeye mwenyewe aliletwa Lamu akiwa msichana mdogo katika uhamaji huohuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, yule mwanamke aliifua kanzu ya mumewe mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwamba kulikuwa na beseni, na kwamba mwigizaji alikuwa akifua huku akizungumza, lakini nililichukulia jambo hilo kuwa ni la kuishughulisha mikono yake tu ili asisimame bure jukwaani. Bibi akaniambia kwamba ni mara tatu, na kwamba kila mara kanzu ilianikwa kwenye kamba ya nje, upande wa njia, ilhali nguo za mke na za mkwewe zilianikwa ndani. Nilipojaribu kueleza kwamba huenda yule mke alikuwa bado anamngoja mumewe, bibi alikubali kuwa hilo limo, lakini akaongeza jambo ambalo kwa akili yangu nisingelifikia: walipoingia mjini bila ya wanaume, mamake naye alikuwa akianika nguo ya mwanamume mahali panapopita watu, ili mpita njia adhani kuwa nyumba ina mwenyewe.

Tahakiki ile sikuipeleka. Nilikuwa nimeutazama kwa saa moja na nusu mchezo uliojengwa juu ya kanzu moja, nami nikaandika maneno 700 bila ya kuitaja kanzu.

Kwa hiyo ninalowaomba kwanza ni mtambue tofauti iliyopo baina ya tamthilia ya vita na tamthilia ya baada ya vita, kwa kuwa haziombi jicho la namna moja. Katika tamthilia ya vita mgogoro huwa wazi: yuko anayepiga na yuko anayepigwa, na matukio hufuatana kuelekea ushindi au maangamizi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, hupata taharuki yake katika imani juu ya maji ya kuzuia risasi na katika uamuzi wa kuingia au kutoingia vitani, kwenye Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907, na mtazamaji hana shida ya kujua kinachogombaniwa. Katika tamthilia ya baada ya vita adui amekwisha kuondoka. Wanaobaki jukwaani ni watu wanaopika, wanaofua, wanaodaiwa kodi ya chumba, wanaobishana nani alale karibu na mlango. Mhakiki aliyezoea mapambano huona kwamba hapatendeki kitu, naye hukimbilia kusimulia historia ya vita ili apate la kusema. Historia mnaihitaji, na ninyi mnapaswa kuijua zaidi ya msomaji wenu, lakini katika tahakiki ya maneno 800 sentensi mbili au tatu zinatosha. Nafasi iliyobaki ni ya yale yaliyotendwa jukwaani na watu wale, usiku ule, mbele ya macho yenu.

Ajabu ni kwamba kikundi chenyewe kiliingia katika kosa lilelile. Katikati ya mchezo taa ziligeuzwa nyekundu, milio ya risasi ikatolewa kwenye vipaza sauti, na vijana wenye bunduki za mbao wakapita mbio katikati ya hadhira kwa muda wa dakika kama 10 hivi, ili kutuonyesha usiku ambao baba alipotea. Watoto walilia na watu wazima walishtuka. Taa nyeupe ziliporudi na tukarejeshwa katika chumba cha Langoni, masikio yetu yalikuwa bado yamejaa makelele, na mazungumzo ya chini baina ya mke na mkwewe, ambayo ndiyo yaliyokuwa yametushika tangu mwanzo, yalipotea kwa muda mrefu. Nami naamini kwamba sehemu ile ingeondolewa mchezo ungepata nguvu zaidi, kwa kuwa kabla yake bibi wa mchezo alikuwa amekwisha kuusimulia usiku huo kwa nusu sentensi, akakatiza, akaomba maji ya kunywa. Nusu sentensi ile ilitutisha kuliko bunduki zote za mbao. Mhakiki anapaswa kuwa tayari kuyasema mambo ya namna hii hata kama waigizaji ni watoto wa jirani zake, mradi aeleze kwa nini, na aonyeshe mahali hasa ambapo mchezo ulifanya vizuri zaidi.

Jambo la pili linahusu elimu, na hapa ningependa mnivumilie nikieleza kwa urefu, kwani ndipo wengi wenu mnapoteleza. Mchezo wa nyumba husimama juu ya sheria na desturi za nyumba hiyo, na mhakiki asiyezijua hatajua kinachogombaniwa. Chukueni hali ya yule mke. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mumewe hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Katika siku hizo ana heshima yake, ana watu wanaokuja kumkalia, na siku zikitimia anatoka akiwa na jina linaloeleweka na watu wote, yaani mjane, na anaweza kuolewa. Huyu wa mchezo hakukaa eda kwa sababu hakuna aliyemthibitishia kifo. Hawezi kulia kilio cha mfiwa, kwa maana akilia atakuwa ndiye aliyemuua mumewe kwa ulimi wake; tena hawezi kucheka kama mke ambaye mumewe yuko safarini. Ami anapomshauri aende kwa kadhi akaombe ndoa ivunjwe, mtazamaji asiyezijua habari hizi humwona ami kuwa mtu mwenye tamaa anayemtaka shemeji yake, na vijana watatu niliowasoma waliandika hivyohivyo. Anayezijua huona kwamba ami analeta mlango wa pekee uliopo, na kwamba mkwe anaupinga mlango huo kwa kuwa siku kadhi atakapotoa hukumu, mwanawe atakuwa amekufa. Wote wawili wana haki. Hata leo mambo haya hayajawa mepesi: Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu adhaniwe amekufa ikiwa kwa miaka saba hajasikiwa na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, na miaka saba ndani ya chumba kimoja cha kupanga ni muda ambao tamthilia nzima inaweza kuishi ndani yake.

Ipo sehemu nyingine ambamo elimu ya aina hii inabadilisha maana yote ya onyesho. Ami ana daftari ambalo anaandika tarehe, majina ya waliochukuliwa, idadi ya ng'ombe na mali iliyopotea, kwa matumaini kwamba siku moja watakwenda mahakamani kudai haki yao. Yule kijana, mtoto wa ndugu yake, humsaidia kuandika. Ukiutazama mchezo bila ya kujua lolote, utaliona daftari kuwa ni dalili njema. Lakini mwaka 1970 ilipitishwa sheria iliyozuia mashtaka dhidi ya maofisa wa serikali na wa usalama kwa mambo yaliyotendwa baina ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Wahusika, walioko mwaka 1968, hawawezi kulijua hilo, na mtunzi hakuliweka kinywani mwa yeyote. Aliwaachia waliokaa mbele ya jukwaa, na wazee waliokuwapo Ngomeni walilijua: kila ami alipolifungua daftari lake, palisikika pumzi ikishuka kwenye safu za mbele. Nilipoandika tahakiki ya pili niliieleza sheria ile kwa sentensi moja, kisha nikaeleza pumzi ile, na nikamwachia msomaji aunganishe.

Sasa nirudi kwenye vitu vya jukwaani, kwa kuwa kanzu haikuwa peke yake. Waandishi wa tamthilia wamejua tangu zamani kwamba msiba mkubwa hauwezi kutoshea katika maneno, na kwa hiyo huupa kitu kidogo kiubebe. Katika tamthilia ya Wanawake wa Troya, ambayo Euripides aliionyesha Athens mwaka 415 kabla ya Kristo, mji umekwisha kuteketezwa na wanawake wanangoja kugawanywa kuwa watumwa. Mjukuu wa malkia Hecuba anauawa kwa kutupwa kutoka juu ya ukuta, na maiti yake inaletwa ikiwa imelazwa juu ya ngao ya babake, Hector, ambayo ndiyo atakayozikiwa. Hecuba anamvika mjukuu wake juu ya kitu ambacho babake alikitumia kuulinda mji. Katika All My Sons ya Arthur Miller, ya mwaka 1947, mti uliopandwa kwa ajili ya mwana aliyepotea vitani umevunjwa na upepo usiku wa kuamkia siku ya mchezo, nao umelala uani pazia linapofunguliwa. Mamake anakataa kabisa kukiri kwamba mwanawe amekufa, na hatimaye tunafahamu sababu, kwa kuwa baba aliuza vifaa vya injini za ndege vyenye nyufa vilivyowaua marubani 21, na mama akikiri kifo cha mwanawe atakuwa anakiri pia aliyemuua. Kule pia ni aliyepotea, mama anayekataa, na familia iliyonyamaza. Anayeyafahamu maigizo hayo mawili atauona mchezo wa Langoni kwa undani zaidi, ingawa si lazima ayataje katika tahakiki yake ikiwa wasomaji wake hawatafaidika.

Kwa hiyo mnapoingia ukumbini, kabla ya mwigizaji wa kwanza kutokea, andikeni kila kitu kilichopo jukwaani. Kisha kila kitu kinaposhikwa, kinaposogezwa au kinapokwepwa, wekeni alama. Ngomeni palikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, kandili, beseni, kamba mbili za kuanikia, na furushi lililofungwa kwa leso na kusukumwa chini ya kitanda. Furushi lilikuwa la bibi, na kwa karibu saa nzima hakulifungua. Alilipigapiga tu kwa mkono kila alipotaka kulala, kuhakikisha kuwa lipo. Mtu anayelala na furushi lililofungwa hajaamini kwamba amefika, na hilo halikusemwa na yeyote. Hata hivyo mwelekezi hakutuamini. Katika onyesho la nne aliliwekea furushi mwangaza wake wa pekee, chumba kizima kikawa giza, na sisi tukaambiwa kwa nguvu lile ambalo tulikuwa tumekwisha kuligundua wenyewe. Nililiandika kosa hilo bila ya kulipunguza, kwa kuwa mtazamaji aliyejigundulia jambo hulihifadhi kwa muda mrefu, na mwelekezi kijana anastahili kuambiwa kwamba kazi yake ya mwanzo ilikuwa imetosha.

Lugha nayo ni kifaa cha jukwaani, na hapa kwetu haiwezekani kuihakiki tamthilia bila ya kuisikiliza kwa makini. Mke alizungumza Kibajuni na mkwewe walipokuwa wawili tu; mara mwenye nyumba, mwanamke wa Langoni mwenye Kiamu chake, lahaja ya Lamu, cha "ndaa" (njaa) na "mato" (macho), alipobisha hodi, mke aligeuza ulimi wake katikati ya sentensi. Kijana hakuwa na haja ya kugeuza, kwa kuwa katika mwaka mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kusema kama watoto wa mjini, na bibi yake alimtazama kila alipofungua kinywa. Huo ulikuwa uhamaji wa pili, uliotokea ndani ya chumba, na mwigizaji aliyeigiza mke aliuonyesha kwa ustadi mkubwa sana. Ami pekee ndiye aliyesema Kiswahili cha redio tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kuandika kwamba ni chaguo la busara la mtunzi, la kumwonyesha ami kuwa mtu anayejiandaa kusimama mbele ya hakimu, lakini kabla ya kuandika niliuliza, nikaambiwa kwamba mwigizaji ametoka Malindi na lahaja za huku hazimudu. Basi niliandika matokeo yalivyosikika, na nia sikuigusa. Ulizeni mambo ya aina hii. Swali moja la heshima baada ya onyesho huokoa aya nzima ya kubuni.

Sasa nifikie jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni huruma. Mchezo unaohusu watu walioteswa humwekea mhakiki mtego, kwa sababu akiusema vibaya huonekana kana kwamba amewasema vibaya walioteswa. Kwa woga huo tahakiki nyingi za tamthilia hizi zimejaa sifa tupu: umesisimua, umegusa, umetuliza, ni funzo kwa jamii. Maneno hayo yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hakuhudhuria. Machozi yangu usiku ule yalikuwa ya kweli, lakini sehemu yake yalitoka kwa wazee wa kwetu na kwa hadithi nilizosikia utotoni, na mchezo haukuwa na kazi yoyote katika hayo. Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki: najiuliza ni kitendo gani hasa cha mwigizaji, au ni sentensi gani hasa ya mtunzi, iliyoniliza. Nikikipata, nakiandika kama nilivyokiona, kwa mpangilio wake, mpaka msomaji ambaye hakuwapo aweze kukiona na hata kutokubaliana nami. Nisipokipata, nakiri moyoni mwangu kwamba nililizwa na maudhui, na sifa hiyo siipi mchezo. Kuwasifu vijana kwa sababu tu wamechagua maudhui mazito ni kuwanyima heshima ya kupimwa kama wasanii, na ni kuwanyima pia wale wazee mchezo bora zaidi ambao vijana hao wangeweza kuutunga mwaka unaofuata.

Kuhusu utaratibu wa kazi sitakawia. Ketini pembeni, mahali ambapo mnaweza kuliona jukwaa na kuiona hadhira. Andikeni gizani kwa herufi kubwa, maneno machache tu, na muisafishe nakala yenu usiku uleule kabla ya kulala. Muhtasari wa kisa usizidi aya moja, na ikiwa hamwezi kuuhukumu mchezo bila ya kugusa mwisho wake, tajeni jambo moja na mengine myafiche. Hakikisheni majina ya waigizaji yameandikwa sawasawa, kwani kwa wengine hiyo ndiyo karatasi ya pekee itakayobaki. Makosa ya wakati yapimeni kwa uzito wake: mwigizaji mmoja alisema "kaunti" katika mchezo wa mwaka 1968, ilhali wakati huo Lamu ilikuwa wilaya, na hilo nililitaja kwa kuwa lilitutoa ndani ya kisa; ndara za plastiki sikuzitaja. Uani mwa Ngome hamna paa, upepo wa kusi huchukua sauti, na punda hulia anapotaka. Msimlaumu mwigizaji kwa yale ya upepo, ila mwelezeni msomaji ni maneno gani yaliyopotea.

Hadhira pia ni sehemu ya onyesho. Mwaka mmoja kabla ya Wanawake wa Troya kuonyeshwa, Athens yenyewe ilikuwa imekiteka kisiwa cha Melos, ikawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto utumwani, na ni vigumu kuamini kwamba waliokaa kuitazama Troya ikiungua hawakuufikiria mji walioukanyaga wao. Hapa kwetu jambo la namna hiyo nimelishuhudia. Katika mchezo wa Langoni kijana anachelewa kurudi kutoka kuvua, na mamake anazima kandili na kusimama gizani nyuma ya mlango. Kisa ni cha 1968, lakini waliokuwa wameketi pale walikuwa na 2014 vifuani mwao: mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni, kisha amri ya kutotoka usiku iliyofuata, na uvuvi wa usiku uliopigwa marufuku. Kimya kilichoingia wakati kandili ilipozimwa hakikuwa kimya cha watu wanaotazama mambo ya babu zao. Mhakiki anayeandika kwamba hadhira ilinyamaza hajaandika kitu, na anayeeleza ilinyamaza wapi, na kwa kumbukumbu ya nini, amewapa wasomaji wa baadaye ushahidi ambao hawataupata mahali pengine.

Lakini ushahidi huo una mipaka yake. Msimwulize mwigizaji kama kisa ni cha kwao, na akikwambieni bila ya kuulizwa, msikiandike. Lamu ni mji mdogo; ukiandika kwamba mwanamke fulani wa safu ya pili alitoka nje akilia wakati bibi wa mchezo alipoomba maji, kesho yake asubuhi kila anayeketi barazani atamjua ni nani. Mimi nilimwomba jirani yangu ruhusa kabla ya kuyaandika haya aliyoniambia juu ya mamake, na alinipa kwa sharti la kutomtaja jina wala mtaa. Alinishauri pia nirudi nikautazame mchezo tena.

Nilirudi usiku wa pili, nikaketi pembeni, nikahesabu. Mke aliifua kanzu mara tatu kama nilivyoambiwa, akaianika nje mara tatu. Kisha mchezo ukaisha, taa zikapunguzwa, watu wakaanza kupiga makofi na kusimama, na wengine wakawa wamekwisha kuelekea mlango mkubwa wa Ngome. Mwigizaji alikuwa bado yuko kwenye beseni. Katika mwanga ule hafifu niliona anaitoa kanzu majini mara ya nne, anaikamua, anasimama karibu na kamba ya nje akiwa ameishika. Kisha akaikunja ikiwa mbichi, akarudi ndani, akapiga magoti kando ya kitanda na kuitia katika furushi la mkwewe, akalifunga tena leso. Kwenye safu yangu tulikuwa wawili tuliokuwa bado tumeketi. Tahakiki niliyoichapisha inaanzia hapo, kwa fundo la leso ile, na neno "vita" halikutokea mpaka aya ya tatu.